Msafara Hauchukui Nafasi ya Mzazi

Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka C (Lk 2:41-52)



Bado tumo katika Oktava ya Noeli. Pango lingali limesimama kanisani, na nyimbo za Mtoto Yesu hazijatutoka midomoni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za nchi yetu ya Tanzania mazungumzo ya siku hizi yamekwisha kuhama kutoka pangoni na kuhamia kwenye fomu za shule. Januari inabisha hodi. Yupo mtoto aliyemaliza darasa la saba, yupo anayeanza darasa la kwanza, na yupo ambaye mzazi wake anataka kumhamisha. Ndipo mapadri na makatekista tunapoulizwa swali lile lile kila mwaka: "Baba Paroko, mtoto huyu tumpeleke wapi? Je, ni lazima tumpeleke katika shule ya Kikatoliki?"

Swali hili ni zito, kwa maana linagusa roho ya mtoto na mfuko wa mzazi kwa wakati mmoja. Leo, Dominika ya Familia Takatifu, Injili yenyewe inatupa mahali pazuri pa kuanzia.

Yosefu na Maria walikuwa wazazi wacha Mungu. Kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipofikia umri wa miaka kumi na miwili, yaani umri wa watoto wetu wanaokaribia kumaliza shule ya msingi, walikwenda naye. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi, naye akabaki nyuma bila wao kujua. Walitembea mwendo wa siku nzima bila wasiwasi. Kwa nini hawakuwa na wasiwasi? Kwa sababu msafara ulikuwa mwema. Ulikuwa msafara wa ndugu na majirani, watu wa imani moja, wanaotoka kusali. Wahubiri wengi wamefikiri kwamba huenda Yosefu alidhani Mtoto yuko na mama yake, na Maria akadhani yuko na Yosefu. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, jambo moja liko wazi: mtoto anaweza kukosekana hata katika msafara mtakatifu, na wazazi wema wasijue mpaka jioni.

Ndugu wapendwa, shule ya Kikatoliki ni msafara mwema. Nitaisifu leo, na nitawashauri wenye uwezo waichague. Lakini msafara hauchukui nafasi ya mzazi.

Niruhusuni niwasimulie jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko wa parokia ya vijijini, walinijia baba na mama wakitaka kumwandikisha binti yao kwa Sakramenti ya Kipaimara. Nilifungua daftari, nikauliza, "Alipokea Komunyo ya Kwanza lini, na wapi?" Mama akamtazama baba, baba akamtazama mama. Binti alikuwa akikaa bwenini tangu darasa la kwanza, akirudi nyumbani wakati wa likizo tu. Hatimaye yeye mwenyewe, akiwa amesimama karibu na mlango, akajibu kwa sauti ndogo: "Padre, mimi bado sijapokea. Shuleni walifikiri nitapokea nyumbani." Wazazi walidhani yuko na shule, shule ikadhani yuko na wazazi. Miaka saba ilikuwa imepita. Na katika miaka hiyo yote ada ililipwa kwa wakati, bila kukosa hata muhula mmoja.

Sikuwakemea wazazi wale. Walikuwa wamejinyima mengi. Lakini tangu siku ile, mzazi akiniuliza juu ya shule, sianzi na jina la shule. Naanza na mafundisho ya Kanisa juu ya mzazi mwenyewe.

Kanisa linafundisha nini?

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lao juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walieleza kwamba wazazi, kwa kuwa wamewapa watoto uhai, ndio walezi wao wa kwanza na wakuu. Wajibu huo ni mzito hata ukikosekana ni vigumu sana kupata cha kuuziba. Angalieni, basi, utaratibu wa mambo: mzazi ni wa kwanza, shule ni msaidizi wake. Kumpeleka mtoto shule ni kuomba msaada, wala si kukabidhi mzigo na kuondoka.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unalifafanua jambo hili kwa utaratibu. Kanuni ya 796 inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, na walimu wawasikilize wazazi kwa moyo. Kanuni ya 797 inasema wazazi wawe na uhuru wa kweli katika kuchagua shule. Kisha inakuja kanuni ya 798, ambayo ningependa kila katekista aifahamu. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inawaelekeza wazazi wawapeleke watoto wao katika shule zinazotoa malezi ya Kikatoliki. Sehemu ya pili inasema kwamba wasipoweza kufanya hivyo, wana wajibu wa kuhakikisha kuwa watoto wanapata malezi hayo nje ya shule.

Wengi wetu tumesikia sehemu ya kwanza tu. Matokeo yake ni makosa mawili. Mwenye uwezo akisha kulipa ada hujiona amemaliza. Asiye na uwezo hujiona amehukumiwa, kana kwamba ni Mkatoliki wa daraja la pili. Wote wawili wamekosea. Wajibu wa malezi ya imani ni mmoja kwa mwenye gari na kwa mwenye jembe, ila njia za kuutimiza ni zaidi ya moja.

Kwa nini Kanisa lina shule?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1868 Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar na kufungua misheni ya Bagamoyo. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Hawakuwa na ada, wala hawakuwa na wazazi wa kuwalipia. Walifundishwa dini, kusoma, kilimo na kazi za ufundi. Shule ya Kikatoliki katika nchi yetu ilianza, basi, kwa mtoto ambaye hakuna aliyemtaka ila kwa bei ya sokoni. Asili hii tusiisahau.

Baadaye shule za misheni zilienea bara zima. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifundisha katika shule za Kanisa, kwanza St. Mary's, Tabora, kisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aongoze harakati za uhuru. Serikali yake ndiyo iliyozitaifisha shule nyingi za madhehebu kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ili mtoto yeyote asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake au rangi yake. Seminari ndogo zilibaki mikononi mwa Kanisa. Sera zilipolegezwa, na hasa baada ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa juu ya huduma za elimu na afya, majimbo na mashirika ya kitawa yalianza kujenga tena kwa wingi. Nazo shule za Serikali hazikubaki zilivyokuwa: Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mzazi wa leo ana uchaguzi ambao babu yake hakuwa nao. Mwenye uchaguzi hana budi kuchagua kwa akili.

Maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza: Je, shule hii ni ya Kikatoliki kweli? Kanuni ya 803 inaeleza kwamba shule haiwezi kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka halali ya Kanisa. Jina la mtakatifu lililoandikwa getini halitoshi. Shule ile ya binti niliyemtaja ilikuwa na jina zuri la mtakatifu, wala wazazi hawakuuliza zaidi. Mzazi, muulize paroko wako, au ofisi ya elimu ya jimbo. Kisha nenda ukaone kwa macho yako. Je, pana kikanisa, au mahali pa sala panapotumika? Misa huadhimishwa lini? Nani anafundisha dini, naye ana maisha ya namna gani? Kanuni ya 804 inataka walimu wa dini wawe wenye mafundisho sahihi na mwenendo wa kuigwa. Vipindi vya dini vinafundishwa kweli, au hugeuzwa kuwa vya hisabati mtihani unapokaribia? Tena elimu yenyewe iwe nzuri. Kanuni ya 806 inadai kwamba kiwango cha masomo katika shule ya Kikatoliki kisiwe chini ya kile cha shule nyingine za eneo hilo. Sala si kisingizio cha maabara tupu.

Swali la pili: Je, shule hii inamtendeaje mtoto dhaifu na mtoto maskini? Hapa, ndugu zangu, nina deni la kukiri. Baba mmoja, mkulima, aliniomba ushauri juu ya kijana wake. Mimi ndiye niliyemwelekeza kwenye shule moja yenye sifa kubwa ya matokeo. Aliuza sehemu ya shamba lake akalipa. Mwaka wa pili ulipokwisha alinijia na barua mkononi. Wastani wa kijana ulikuwa umepungukiwa alama chache, naye ametakiwa atafute shule nyingine. Niliandika barua ya kumwombea, lakini haikusaidia. Yule baba hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Padre, kama mtoto anafukuzwa kwa kuwa hajui, basi shule ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilipompa ushauri niliangalia jedwali la matokeo, sikuuliza ni watoto wangapi wanaoingia kidato cha kwanza wanaofika kidato cha nne.

Idara ya Vatikano inayoshughulikia elimu ya Kikatoliki, katika waraka wake wa mwaka 1977 juu ya shule ya Kikatoliki, ilionya kwamba shule zetu zikiegemea upande wa matajiri tu zitakuwa zinaimarisha jamii isiyo ya haki. Nami naongeza kwa unyenyekevu: shule inayolinda wastani wake kwa kumwacha njiani mtoto mwenye akili nzito imeisahau Bagamoyo. Mzazi, uliza bila haya: "Mtoto wangu akishuka masomoni mtamfanya nini? Akifiwa na anayemlipia itakuwaje?" Jibu utakalopata litakufundisha juu ya shule ile kuliko rangi ya sare.

Swali la tatu: Je, shule hii inamkaribisha mzazi? Zipo siku za kutembelea? Kikao cha wazazi ni cha kusikilizana, au ni cha kutangaziwa michango? Na kabla ya kuchagua bweni, jiulize kama mtoto ana umri wa bweni. Mwaka 2023 Serikali yetu ilitoa agizo la kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Agizo hilo lina hekima. Mtoto wa miaka sita hujifunza Ishara ya Msalaba kwa kushikwa mkono na mama yake. Mkono huo haununuliwi kwa ada.

Hapa niongeze neno la busara juu ya fedha. Usipige hesabu ya Januari peke yake. Piga hesabu ya miaka minne: ada, sare, vitabu, nauli na michango. Ni heri mtoto aliyesoma shule ya karibu kwa utulivu kuliko yule anayerudishwa nyumbani kila muhula akiwa ameaibika mbele ya wenzake. Wala si haki kumsomesha mmoja kwa gharama ya ndugu zake, hasa dada zake, wakabaki bila daftari. Sheria ya Kanisa haimdai mtu asichoweza.

Wale wasioweza

Sasa nawaelekea ninyi wazazi mlio wengi, ambao watoto wenu wataingia Januari hii katika shule ya Serikali ya kijijini au ya kata. Msijione mmepungukiwa. Katika shule hizo wamo walimu Wakatoliki wanaotimiza utume wao kimya kimya, wengine bila hata nyumba ya kuishi karibu na shule. Sehemu ya pili ya kanuni ya 798 ni yenu, nayo inatimizika.

Kwanza, ratiba ya shule ina nafasi ya vipindi vya dini. Nafasi hiyo ikikosa mwalimu, kosa si la mwalimu mkuu, ni la kwetu sisi parokia. Makatekista, nawaomba: wiki ya kwanza ya muhula nendeni mkamwone mwalimu mkuu kwa heshima, mkaulize siku na saa, kisha mfike kila juma bila kukosa. Katekista anayekosa mara tatu hufundisha watoto kwamba dini ni jambo la ziada. Nasi mapadri tuwape makatekista nauli na vitabu, tusiwape maneno ya kuwatia moyo tu.

Pili, watoto wadogo waingizwe katika Utoto Mtakatifu, na wale wa sekondari katika TYCS. Humo mtoto huongoza sala, husoma Neno, hutembelea wagonjwa. Anajifunza kutenda.

Tatu, kuna shule ya nyumbani. Kila jioni mzazi aulize maswali mawili: "Leo umejifunza nini?" na "Leo umemsaidia nani?" Kisha sala fupi, taa ikiwaka au isiwake. Kijana yule aliyerudishwa na barua alimalizia kidato cha nne katika shule ya kata. Aliyemsindikiza ni katekista wa kigango chake, mtu mwenye elimu ya darasa la saba, ambaye kila Jumamosi alimwita akamsaidie kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Kijana aliyeambiwa hafai kufundishwa alipewa kazi ya kufundisha. Nilipokwenda kigangoni kuwahoji wale watoto kabla ya kupokea, walijibu vizuri kuliko wa parokiani.

Nne, jumuiya. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, iliyofanyika mwaka 1994, ilitufundisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Kama Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuchanga kwa ajili ya msiba na harusi, haiwezi kuchanga ili yatima mmoja wa jumuiya amalize shule? Zipo jumuiya zilizothubutu, kwa fedha kidogo kidogo na kwa debe la mahindi. Nazo shule zetu ziwafungulie mlango watoto wa namna hiyo.

Kurudi Nazareti

Tumalizie pale Injili inapomalizia. Yosefu na Maria walipogundua kwamba Mtoto hayumo, hawakuutupia lawama msafara. Waligeuka. Walirudia njia ile ile waliyokwisha kuitembea, wakatafuta hata siku ya tatu. Walimkuta hekaluni, kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Wale walikuwa walimu wenye elimu kubwa katika taifa lao. Lakini angalieni: Yesu hakubaki pale. Alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, kijiji kisicho na sifa, akawatii. Huko ndiko alikokua mwilini na katika hekima, akipendwa na Mungu na wanadamu. Hekalu lilikuwa na nafasi yake, na nyumba ya seremala ilikuwa na yake.

Mzazi mpendwa, mtafutie mwanao hekalu lililo jema kadiri ya uwezo wako. Lakini jioni ya leo, kabla hujajaza fomu, keti naye. Muulize ni sala gani anayoijua kwa moyo, rafiki yake ni nani, ni kitu gani kinachomwogopesha. Kama hujui majibu, basi nawe umetembea mwendo wa siku nzima ukidhani yumo msafarani. Usikate tamaa. Geuka umtafute. Yosefu na Maria waligeuka, wakampata.

Ee Familia Takatifu ya Nazareti, utuombee sisi na watoto wetu wote wanaojiandaa kwa mwaka mpya wa masomo: walio bwenini na walio nyumbani, wenye ada na wasio nayo. Amina.